Kalenda Yangu Imenichongea kwa Meneja

Jumatatu, 3 Machi
Cheo cha mkuu wa kitengo kiko wazi! Miaka kumi na moja nakisubiri. Tumebaki wawili: mimi na Miwani, yule bwana wa meza ya dirishani anayeandika jina lake hadi kwenye kikombe. Usaili ni wiki hii hii, kwa mtandao. Meneja ametaka tuunganishe kalenda za barua pepe zetu na ule ukumbi wa mikutano ya mtandaoni wa ofisi, kila mtu aone nafasi ya mwenzake. Miwani akauliza kama ni lazima. Mwoga! Mimi nimeunganisha papo hapo. Ukumbi uliniomba ruhusa mara sita, nikakubali mara sita. Nani ana muda wa kusoma gazeti lote lile?

Jumanne, 4 Machi
Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Mkuu wa kitengo ni mtu mwenye shughuli. Basi nimejaza kalenda mikutano ya uongo, kesho hadi Ijumaa, asubuhi mpaka jioni. Mkakati. Tathmini ya Mkakati. Mkakati wa Tathmini. Meneja akifungua ataona mwenyewe nani jembe la ofisi hii.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Nani kautuma ukumbi ualike kila mtu aliyemo kwenye barua pepe yangu? Saa tatu kwenye Mkakati kajitokeza fundi friji, anauliza imeacha kugandisha tena? Kinyozi kaingia. Mama mkwe naye, kavaa nguo ya kutokea! Kaitwa rasmi na mkwewe, akadhani nimemchoka binti yake. Kalia mbele ya kinyozi. Mama watoto kaninunia. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Yamezidi! Kumbe ukumbi umenyonya kila nilichojiandikia kwenye kalenda tangu mwaka jana, ukakibandika mbele ya ofisi nzima. "Saa nane: kusinzia, chumba cha majalada." "Kumsifu Meneja tai yake, ingawa mbaya." Saa nane nimefika chumba cha majalada, nikamkuta mhasibu, katibu muhtasi na mlinzi wananisubiri. Mlinzi kaleta mto! Meneja kapita bila tai, wala hakunitazama. Miwani kanishauri kwa upole nikate muunganisho. Eti kwa faida yangu. Namjua huyo. Sikati ng'o.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekaa tangu saa mbili, shati limenyooka, nasubiri mwaliko wa usaili. Saa tano, kimya. Nikaenda kugonga kwa Meneja. Kanionyesha. Amenialika mara tatu wiki hii. Ukumbi, ukiona kalenda yangu imejaa, umemjibu mara tatu kwa jina langu: sina nafasi, nina Mkakati! Akadhani nimeghairi. Nikamweleza kuwa mikutano ile ilikuwa ya uongo. Haikusaidia. Miwani ndiye mkuu. Miaka kumi na moja, jamani! Nimejifungia chooni nikalia kama mtoto.

Jumamosi, 8 Machi
Mama watoto, huku bado kanuna, kauliza nimejifunza nini. Nimejifunza sana! Kosa ni kuwa na kalenda moja, haina wa kuisimamia. Nimefungua barua pepe ya pili, nikaiunganisha na ya kwanza, na ya mama watoto, na ukumbi, zichungane. Kisha nikaandika mkutano wa kwanza: "Jumatatu saa tatu, njama ya kumng'oa Miwani." Juu yake nimeweka SIRI kwa herufi kubwa, ili asiyehusika asifungue.