Askari wa Sukuma Wiki Yangu

Jumatatu, 2 Februari 1987
Jumamosi ya tarehe 21 wazee wa kanisa watachagua mwenyekiti wa kamati ya mavuno. Watakagua bustani mbili tu: yangu na ya jirani yangu Kavata. Kavata! Mtu anayeongea na nyanya! Kiti ni changu. Suti nimeshapiga pasi.

Jumanne, 3 Februari
Balaa! Wadudu weusi kwenye sukuma wiki yangu, wana miiba na madoa ya rangi ya chungwa mgongoni. Sijawahi kuwaona. Kuna pia vidudu vya kijani chini ya majani, vidogo, vimelala tu. Hivyo havina hata meno. Nimeviacha.

Mke wangu Ndila anasema bwana shamba aliwataja hao weusi kwenye baraza la chifu, kwamba ni askari wa bustani. Mimi sikwenda. Nifundishwe nini na kijana wa juzi? Lakini askari! Wa pale sokoni nawajua: hula bure, na akishiba mmoja humwita mwenzake.

Jumatano, 4 Februari
Kavata alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikawaokota askari wote kwa mkebe wa Kimbo, nikaruka ua wake wa miiba, nikawamwaga kwenye sukuma wiki yake. Suruali imechanika. Si kitu.

Alhamisi, 12 Februari
Vya kijani vimejaa. Majani yamejikunja, yananata. Ndila ameuliza askari wako wapi. Nimemjibu wamepewa uhamisho.

Sukuma wiki ya Kavata inang'aa! Anadai wale weusi wamegeuka wekundu wa mviringo, na kwamba wamekuwa wakila vya kijani tangu wafike. Mwongo mkubwa. Ni mbolea anaficha.

Jumamosi, 21 Februari
Aibu. Mzee Nzioka aligusa jani langu moja, akapangusa kidole kwenye suti yangu. Kwa Kavata wameimba wimbo mzima, wakampa kiti. Naye akamshukuru Mungu kwa askari ambao hakuwaomba. Kipande cha suruali yangu kilichobaki kwenye ua wake amekitumia kufungia mnyanya. Wazee wote wamekiona, wamecheka. Nimeumia sana.

Jumapili, 22 Februari
Kanisani sikwenda. Mwaka ujao nitawanyamazisha kwa maboga, tayari yanatoa maua. Asubuhi nimekuta nyuki wanaingia ndani ya maua hayo bila hodi, wanatoka na unga miguuni. Wizi mchana kweupe! Ndila amenisihi niwaache, eti nao wana kazi yao.

Nimemuuliza mkebe uko wapi.