Mama Mkwe wa Kapiteni Hewani

Jumatatu, 8 Februari 1999

Nimenunua daftari. Mambo makubwa yanahitaji kumbukumbu. Majaribio ya redio za ziwani yameanza! Serikali imetoa boti, mafuta na mafundi wawili. Kampuni imetoa redio, antena na injinia mmoja, Bwana Murhula, mtu wa Bukavu mwenye viatu vya ngozi na asiyependa maji. Wanataka kujua kituo cha nchi kavu kijengwe wapi, ili boti zinazoshuka Rumonge mpaka Kigoma zisikike zikipata shida.

Sehemu zinazoshindanishwa ni mbili. Moja ni Kinanira, mlimani, kwa fundi mwenzangu Népomuscène, aliyesoma Ubelgiji miezi minne na mpaka leo hajamaliza kutusimulia. Ya pili ni Kanyosha, hatua mia mbili kutoka majini, katika kibanda cha jiko nyuma ya nyumba yangu. Atakayeshinda anapewa utunzaji wa kituo, mkataba wa miaka mitatu wenye muhuri.

Nautaka mkataba huo kuliko chakula. Mke wangu Waridi yuko Kigoma na binti yetu Soumaya tangu tulipokimbia risasi mwaka wa tisini na sita. Mimi nilirudi kulinda nyumba. Kaka yake kaapa kwamba dada yake harudi mpaka mumewe awe na kazi yenye karatasi. Kutengeneza redio za majirani barazani, kwake yeye, si kazi. Nimewakumbuka mpaka nimechoka kukumbuka.

Kuhusu kazi ya leo: sanduku la redio lina makufuli mawili, moja la serikali, moja la kampuni, maana hawaaminiani. Mwenye ufunguo wa serikali alikuwa msibani. Tumelitazama sanduku mpaka saa tisa, tukaenda nyumbani.

Jumanne, 9 Februari

Sanduku limefunguka. Madame Danielle wa wizarani, mkuu wa mradi, ametueleza utaratibu. Boti itatoka bandarini ikielekea kusini. Kila robo saa, Kinanira itasema maneno machache, kisha Kanyosha. Kapiteni atasikiliza kwa spika za masikioni, kwa sababu ya kelele za injini, halafu atatangaza alama hewani, kuanzia moja mpaka tano, wote wasikie. Murhula atakuwa naye botini, akiandika. Kwa nini alama atoe kapiteni? Kwa sababu yeye si wa serikali wala si wa kampuni. Kwa nini aandike Murhula? Kwa sababu kampuni nayo haikutaka kuachwa hivi hivi.

Népomuscène kanikumbusha kwa upole kwamba redio hupenda milima. Nikamjibu kwamba hata mbuzi hupenda milima. Jioni nimefunga mianzi mitatu kwa kamba na kuisimamisha nyuma ya jiko, antena juu yake. Sasa na mimi nina mlima.

Alhamisi, 11 Februari

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Asubuhi wanajeshi wa barabarani walikuja kuuliza huo mlingoti mrefu unaongea na nani. Nikawaonyesha barua ya wizara. Wakasema barua ni nzuri sana, ila mianzi ishuke. Imeshuka. Wameondoka nayo, wanajenga choo.

Jaribio likafanyika na antena yangu ikiwa juu ya bati la jiko. Alama za Kinanira: tano, tano, nne, tano. Za Kanyosha: tatu, mbili, mbili, moja. Népomuscène alinipa pole hewani, kwa Kifaransa, watu wote wakisikia. Pole hiyo ilinichoma kuliko ile alama ya moja.

Ijumaa, 12 Februari

Nimepata dawa! Ilinijia msikitini, khatibu akiwa katikati ya hotuba, Mungu anisamehe.

Kapiteni wa boti ni Abdu. Abdu kamuoa binti wa Mama Mwantum. Na Mama Mwantum ni jirani yangu, anaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani mbele ya kituo changu, miaka thelathini sasa. Basi ni mwanamume gani, mwenye adabu zake, atakayetangaza mbele ya watu kwamba sauti ya mama mkwe wake haifai? Akisema yeye, ni tano tu. Tano mpaka Kigoma.

Nikamwendea na kumwambia kwamba mradi unatafuta sauti ya kike, safi na yenye heshima. Mama Mwantum alisimama, mkono umejaa ndagala. Akauliza kama hicho kidude kinang'ata. Nikasema hapana. Akasema atakuja, ila nisimpangie maneno, maana maneno anayo ya kwake.

Jumatatu, 15 Februari

Nimekufa.

Robo saa ya kwanza Mama Mwantum alishika mikrofoni kama mwiko, akatoa salamu. Salamu kamili. Hali, nyumba, mke, watoto mmoja mmoja, na lile jino la mtoto wa pili. Dakika nne. Nikangoja ile tano yangu. Kimya. Robo saa ya pili, salamu tena. Kimya. Mara sita amesema, mara sita kimya. Kinanira walipokuwa wakisema, kapiteni alijibu vizuri, kwa sauti ya mtu aliyepona homa.

Murhula akaandika: Kanyosha, sifuri, hakuna mawasiliano. Népomuscène hakunipa hata pole safari hii.

Jumanne, 16 Februari

Abdu kaja kwangu alfajiri, kapitia upande wa barabarani ili asipite mbele ya mama mkwe wake. Alikuwa na hasira ya mtu mpole, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Alisema katika maisha yake yote hajawahi kukaa karibu na yule mama, wakikutana njiani yeye huingia kwenye mihogo mpaka mama apite, na sasa mimi nimemwingiza masikioni mwake, masikio yote mawili. Jana alivua kofia, akasimama wima kwenye boti mpaka salamu zikaisha. Murhula alidhani ameona kiboko, akajishika kwenye nguzo.

Nikamuuliza kwa nini hakusema ile tano tu, tuyamalize. Jibu lake naliandika kama alivyolitoa.

"Hamimu, we uko muzima kweli? Mi nimupe mama mukwe alama? Kama mutoto wa shule?"

Nikamwahidi kwamba hatamsikia tena. Kisha nikaenda kumwambia Mama Mwantum kwamba mradi umemshukuru na umetosheka. Akasema yeye hajatosheka. Ameipenda kazi. Kesho kutwa atakuja na kigoda chake.

Alhamisi, 18 Februari

Nimewasha kibatari ili niandike yote usiku huu huu.

Jaribio la mwisho. Boti ilikuwa mbele ya Kabezi, ndani ziwani, imebeba Abdu na Murhula. Saa nane mbingu za upande wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, zikawa nyeusi. Radi ya kwanza ilipopiga, umeme wa Kinanira ukakatika. Népomuscène hakuweka betri. Pengine huko Ubelgiji umeme haukatiki. Kanyosha tunatumia betri ya gari, tukabaki hewani peke yetu.

Tukamsikia Abdu akiita Kinanira, mara tatu, mara nne. Anauliza upepo unatoka wapi, haoni nchi kavu tena. Nikajibu mimi. Nikaita, nikaapa kwamba ni mimi Hamimu. Hakujibu, na Murhula, nilikuja kuambiwa, alikuwa ameikumbatia nguzo. Kwake yeye kuijibu Kanyosha kulikuwa ni kumjibu mama mkwe, na kweli mama mkwe alikuwa ameketi hapo kwenye kigoda. Nikaona vizuri nilichokifanya. Nimewatia watu wawili ububu katikati ya ziwa, kwa ajili ya karatasi. Nilitaka kulia. Nililia kidogo.

Mama Mwantum akaninyang'anya mikrofoni. Hakusalimu.

"Mukwe wangu, mi najua unanisikia. Usijibu, apana, heshima yako naiona. Kama umesikia, finya kile kitufe mara mbili tu."

Tukangoja. Mvua juu ya bati. Kisha ndani ya redio: tk, tk.

Basi akamwongoza. Yule mama husoma maji kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Alisimama mlangoni, waya wa mikrofoni umevutika mpaka mwisho, akatazama mawimbi yanavunjika vipi, akamwambia asikimbilie bandarini, upepo utamgeuza. Aje moja kwa moja Kanyosha, mawimbi ayaache mgongoni. Tk, tk. Boti ilipoanza kuonekana, akamwambia asogee kulia, mbele yake kuna mchanga. Tk, tk. Ngurumo zilipozidi, sauti ya mama ikawa inakatika, akalazimika kurudia, lakini ile tk, tk ilifika kila mara, safi kabisa. Wavuvi walikuwa wamejipanga mchangani na kamba. Saa tisa na nusu boti ikapanda ufukweni.

Murhula alishuka akiwa na kiatu kimoja, akapiga magoti mchangani. Abdu alishuka, akamwona mama mkwe mlangoni, akageuka na kupitia kwenye mihogo. Mama naye akageuza uso, kama inavyopasa. Lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Jumanne, 23 Februari

Uamuzi umetoka. Madame Danielle kausoma, Murhula kautia sahihi, kisha Madame naye akatia yake kwa kalamu nyingine, kwa sababu kila upande ulitaka wino wake.

Kinanira ni kituo kikuu, na Népomuscène apewe betri. Haya. Kanyosha ni kituo cha ufukweni, kwa kuwa anayeongoza boti lazima ayaone maji. Mibofyo miwili imeingia kwenye kanuni za mradi: asiyeweza kusema, afinye. Murhula amekiita kipengele hicho matokeo muhimu ya utafiti. Mtunza kituo cha ufukweni, kwa miaka mitatu, ni Mama Mwantum.

Nilisimama kuondoka. Madame Danielle akaniita nirudi. Mama Mwantum kaweka sharti: hajui kusoma fomu wala kupanda kwenye bati, anamtaka Hamimu. Kwa hiyo kuna msaidizi wa mtunza kituo. Karatasi ipo. Muhuri wa serikali, muhuri wa kampuni, jina langu katikati. Nimeisoma mpaka nikaijua kwa moyo.

Nimemwandikia Waridi jioni hii hii, barua ikapanda boti na Abdu anayekwenda Kigoma. Neno msaidizi ni refu, na karatasi ya barua ilikuwa ndogo. Nimeandika mkuu wa kituo. Nimeongeza kwamba nyumba imepakwa rangi na ina umeme, ili kaka yake asipate pa kushika.

Jumamosi, 27 Februari

Wanakuja! Saa mbili asubuhi redio iliita, boti iko mbele ya Magara. Kwa antena mpya tuliyoletewa inasikika kama iko uani. Mama Mwantum alipokea, tk, tk, kisha sauti ya mwanamke ikaomba kuongea na mkuu wa kituo. Mama akasema ndiye yeye. Mwanamke akasema anajua, Kapiteni Abdu kamwambia yote njiani, na sasa anamwomba yule msaidizi.

Waridi. Miaka miwili na zaidi sijaisikia sauti ile. Haijabadilika, bado inaanza chini halafu inapanda. Akasema kazi ni kazi, na kaka yake kaisoma karatasi yangu ile ya mihuri, ambayo Abdu alibeba nakala yake bila kuniuliza, karidhika. Akasema angependa tu nisimdanganye tena, maana uongo umemchosha kuliko vita. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, machozi yananitoka, Mama Mwantum akijifanya anatazama ziwa. Sidanganyi tena. Imekwisha.

Kisha Soumaya akachukua mikrofoni. Amekuwa mkubwa, anasema maneno mpaka mwisho. Aliuliza, baba, ni kweli nyumba ina umeme? Nikasema ndiyo. Akasema basi mtu asiguse swichi, ataiwasha yeye, akifika tu.

Wamebakiza mwendo wa saa tatu kufika. Swichi ninayo, ilikuwa ya redio ya jirani. Balbu ya gari ninayo. Waya upo. Kinachokosekana ni betri, na hapa kituoni ipo moja, nzuri, imejaa. Mama Mwantum amekwenda kugeuza ndagala zake. Nimepima: dakika kumi kuihamisha, mtoto anawasha, anafurahi, dakika kumi kuirudisha. Boti yenyewe imeshasema iko salama, haina shida tena na redio. Wingu lililo upande wa Uvira ni dogo sana. Nimeshafungua waya mweusi, bado mwekundu.