Ngazi ya Puti

Wananchi wote walitangaziwa kwa vipaza sauti kwamba kichwa kikongwe cha treni ya dizeli, kilicholala karakana mpaka ndege wakataga kwenye bomba lake la moshi, sasa kinarudishiwa hadhi, na kwamba Kamati ya Hadhi ya Chuma cha Kale imekwisha kuiondoa kutu yote. Iliiondoa kikaoni. Tangu siku hiyo kutu iliitwa "umri wa chuma", na umri haupigwi msasa.

Mama mmoja, mfagiaji wa karakana hiyo, alisikia tangazo akakosa raha. Mwanawe ndiye fundi wa kuchomelea, na ngazi ya kupandia kwa dereva ilikuwa imeliwa na kutu ikabaki kama chujio la chai. Kijana alitaka kukata bati bovu achomelee jipya.

"Chuma cha kihistoria hakikatwi," Mwenyekiti wa kamati alimwambia, "mpaka kamati ikutane ukumbini, nami niwe kitini pangu. Paka puti."

Basi ngazi ikakandikwa puti, ule ujiuji wa kuzibia mashimo, juu ya maboksi, ikapigwa rangi, ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mzazi mwenzangu, kinachong'aa hivyo kigonge kwanza. Yule mama aliigonga kwa mpini wa fagio. Ikalia dup.

"Mheshimiwa, humu hamna chuma. Ni boksi."

"Mama, unagonga urithi. Wewe fagia." Kisha akaamuru kwamba siku ya sherehe fundi ndiye atakayetangulia kupanda, ili uimara upimwe.

Mama akauwaza mguu wa mwanawe. Mguu ule aliubeba mgongoni ukiwa hauna kiatu, na mguu wa mtu hauchomelewi.

"Sawa, baba," akasema taratibu. "Nimeshasema ni boksi. Ila anayetangulia ndiye atakayepigwa picha."

Mwenyekiti akainyoosha tai. Kabla ya jioni amri mpya ikatoka: ni marufuku mtu yeyote kuikanyaga ngazi kabla yake.

Siku ikafika. Mwenyekiti akapunga mkono, akakanyaga. Puti ikapasuka, mguu ukazama mpaka pajani, bati likabana suruali na nyama pamoja.

"Kata," akamnong'oneza fundi.

Fundi akainua mashine ya kukatia. Makamu akamzuia kwa adabu zote: chuma hiki ni cha kihistoria. Wajumbe wakakimbilia ukumbini, wakafunga mlango, wakakitazama kiti kitupu. Hatimaye Makamu akarudi na majibu.

"Mheshimiwa, kikao kimeahirishwa. Mwenyekiti hakuhudhuria, wala hakutoa udhuru. Wajumbe wamesikitishwa sana na tabia hiyo."

Jua likazidi kuwaka. Wapiga picha hawakuondoka hata mmoja. Mama akaja na fagio lake, akaanza kukusanya vipande vya puti pale chini, mpaka akakifikia kiatu cha Mwenyekiti, kile kimoja kilichobaki nje.

"Nyanyua mguu, baba," akasema, "nifagie."