Kibanda cha Saa Moja

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kwanza ya likizo ya shule. Nilipanga kulala mpaka mgongo uniume. Haikuwezekana!

Jana baada ya chakula baba mkwe aligonga glasi kwa kijiko, akatangaza kwamba Jumamosi anatimiza miaka sabini. Hataki keki, hataki hotuba. Anataka kulala usiku mmoja kwenye kibanda cha wapanda milima, aamke aone mawingu yako chini yake. Kwa hiyo sisi wakwe zake wawili, kila mtu atafute kibanda chake, Alhamisi tumletee, achague mwenyewe. Atakayeshinda anarithi darubini yake.

Darubini! Ile ya shaba, yenye mfuko wa ngozi, ambayo hata wajukuu hawaruhusiwi kuipumulia.

Wakwe wenyewe ni mimi, mwalimu wa jiografia, na mwanyumba wangu, daktari wa meno aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Yeye baba mkwe humwita "mwanangu". Mimi, huu mwaka wa kumi na moja, huniita "yule bwana". Juzi nimekaa naye kochi moja, akamwuliza mke wangu kama yule bwana anakunywa chai. Inauma. Darubini ni nzuri, lakini ninachokitaka hasa ni hilo neno "mwanangu". Mara moja tu, mbele ya watu.

Lakini mlima ni jiografia. Mlima ni wangu! Daktari wa meno anajua nini?

Jumanne, 5 Agosti

Kazi imeanza. Nimetandaza ramani juu ya meza ya chakula. Sahani zimehamia juu ya friji. Mke wangu hajafurahi.

Vibanda ni vitatu. Kimoja ni cha watu wanaoteleza juu ya theluji na mbao miguuni. Mimi huteleza bafuni bila mbao, nimekifuta. Cha pili, Kibanda cha Chini, kiko kando ya kijito. Cha tatu ni Kibanda cha Juu, ukingoni kabisa, mawingu miguuni. Hicho hicho!

Tatizo ni goti la baba mkwe. Nimempigia simu mtunza kibanda nikamwuliza ni mbali kiasi gani. Mtu wa maneno machache, nadhani upepo humlia mengine. Alisema tukitoka saa moja tunafika saa moja. Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kama anamwambia kiziwi.

Nikapiga hesabu kimya kimya. Kutoka saa moja asubuhi, mwendo wa saa moja. Saa mbili tumeshavua viatu! Nikamkumbatia mke wangu. Akasema niondoe ramani yangu ale.

Jumatano, 6 Agosti

Lazima nijue adui kachagua kibanda gani. Nikala njama. Nimekwenda kliniki kwake nikasingizia jino linaniuma, ili nichungulie makaratasi mezani.

Makaratasi sikuyaona. Nilichoona ni taa usoni. Mwanyumba akachungulia, akaguna, akasema kwa kweli kuna gego limeoza na ni vizuri nimewahi. Nikasema haliumi sana. Akasema litauma. Ganzi ikaingia. Ikawa siwezi tena kubisha.

Lakini Mungu si Athumani! Mtu akishakuachamisha kinywa huzungumza peke yake. Akanieleza yote. Amechagua Kibanda cha Chini. Godoro nene, jiko la kuni, choo ndani. Mwendo je? Hapo mashine ikanguruma, nikadaka maneno mawili tu: "saa tisa".

Saa tisa! Anataka kumtembeza mzee wa miaka sabini saa tisa nzima! Nilicheka mpaka pamba ikanitoka mdomoni. Akadhani ninalia, akanipapasa bega.

Nimerudi nyumbani bila gego. Lakini na ushindi.

Alhamisi, 7 Agosti

Shavu limevimba, maneno hayatoki. Nikamkodolea macho mke wangu mpaka akakubali kusoma kwa niaba yangu. Mimi nikashika fimbo na ubao. Niliandika kwa herufi kubwa: CHANGU, SAA MOJA. CHAKE, SAA TISA.

Baba mkwe akavaa miwani. Akamgeukia mwanyumba akamwuliza kama ni kweli chake ni saa tisa. Na yeye, bila haya, akajibu kwa fahari kuwa ndiyo, saa tisa, tena chai inakuwa tayari. Nilitamani kumhurumia.

Kisha akasema, kwa sauti ya upole ile ya kliniki, kwamba kwa umri wa baba saa moja ni kuchelewa mno. Baba mkwe akacheka mpaka akakohoa. Saa moja ni kuchelewa, saa tisa ni kuwahi! Akamwambia: "Mwanangu, wewe baki na meno." Mwanyumba akatutazama mmoja mmoja.

Kibanda changu kimepita! Lakini hajaniita chochote. Alisema tu kwamba yule bwana kajitahidi.

Njiani kurudi, mke wangu aliniuliza saa moja ipi. Nikamwandikia kwenye kikaratasi: saa moja ni saa moja. Akauliza pia mbona mistari ya kontua kwenye ramani imebanana vile pale juu, maana niliwahi kumfundisha kwamba ikibanana ni mwinuko mkali. Nikaandika kwamba wachapaji walikuwa wanabana nafasi. Wanawake wana maswali!

Ijumaa, 8 Agosti

Kufungasha. Kwa mwendo wa saa moja nani anahitaji mizigo? Chupa moja ya maji, biskuti pakiti moja, ndara za baba mkwe za kuvaa tukifika. Nimetuma ujumbe kwa wote: makoti yabaki nyumbani, tusijitese. Mama mkwe kajibu kwamba yeye mwenyewe anabaki nyumbani.

Nimempitia mwanyumba kumkagua. Alikuwa anajaza begi utadhani anahama mji. Makoti matano, chupa za chai, tochi, mkate, dawa ya misuli. Nikamwuliza anakwenda kufungua duka? Akasema ni vizuri kujiandaa kwa safari ndefu. Maskini, bado ana saa tisa zake kichwani.

Jumapili, 10 Agosti

Jana sikuandika. Vidole vilikuwa havikunjiki. Sasa niko kibandani, alfajiri, nimejifunika godoro. Naandika yote kama yalivyotokea, ili haki itendeke.

Saa moja kamili asubuhi tuliondoka kwenye geti la mlima, watu watano: baba mkwe, mabinti zake wawili na sisi waume. Mimi mbele, na fimbo. Saa mbili nikatangaza kwamba kibanda kiko nyuma ya jiwe lile. Nyuma ya jiwe lile kulikuwa na jiwe. Saa tatu nikasema tumetembea polepole. Saa nne biskuti zikaisha. Saa tano baba mkwe akauliza kama yule bwana anaijua njia. Aliniuliza mimi!

Saa saba mwanyumba akatazama saa yake, akasema kwa furaha kwamba tumefika nusu ya njia. Nikamwuliza yeye kajuaje. Akashangaa. Si mimi niliyesema tunafika saa moja jioni? Tumetoka saa moja asubuhi, nusu yake ni saa saba.

Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilizifunga kwa muda mrefu.

Mke wangu akaja kunisimamia kichwani. Alinitazama tu. Afadhali angesema.

Saa tisa baba mkwe akaketi juu ya jiwe, akatoa darubini akaangalia bondeni. Kule Kibanda cha Chini watu walikuwa barazani wanakunywa chai, miguu juu. Akaangalia kwa kirefu. Akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia. Akasema, ahaa, saa tisa. Akairudisha darubini mfukoni taratibu, nami nikajua kwamba kaelewa.

Baadaye ukungu ukashuka, baridi ikatuingia mifupani. Wote tukavaa makoti ya mwanyumba. Langu lilinibana, lakini nililifunga mpaka shingoni. Huwezi kuona hata kidole chako. Ghafla mkono wa mzee ukanishika, goti limemlegea, akasema: "Nishike, mwanangu." Mwanangu! Nusura nilie. Nilimshika kwa mikono miwili, nikampandisha hatua kwa hatua, kila jiwe nikimwonyesha, kila shimo nikimvusha. Sijawahi kufanya kazi kwa moyo vile. Tukafika juu, ukungu ukapasuka, akanitazama. Akasema alidhani ni daktari.

Saa moja jioni, kamili kabisa, tukagonga mlango. Mtunza kibanda akafungua, akatazama saa ya ukutani. Akasema, si nilikwambia?

Jumapili hiyo hiyo, mchana

Baba mkwe aliamka kabla yetu. Nilimkuta nje na blanketi, mawingu yamelala chini yake kama pamba ya godoro, jua linatoka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Alisema kule chini kando ya kijito asingeyaona haya. Nikakaa pembeni yake, kifua kikaanza kuvimba.

Kisha akatuita wote, akaitoa darubini. Nikasogea. Mwanyumba akasogea. Mzee akampa mke wangu! Eti kasikia kwamba ndiye pekee katika ukoo huu aliyeuliza saa moja ipi.

Halafu akanigeukia. Roho mkononi. Akasema: "Na wewe, Saa Moja, tengeneza chai."

Wote wakacheka. Mimi nikaruka kushika birika. Miaka kumi na moja sina jina, sasa ninalo! Nikatengeneza chai. Iliungua, akainywa.

Jumatano, 13 Agosti

Miguu imerudi. Shavu limenywea. Darubini iko kabatini kwa mke wangu, na ufunguo kauweka mahali ninapopajua, ila sipafikii.

Baba mkwe kapiga simu. Kasema Saa Moja yupo? Nipo! Anataka kwenda tena mwezi ujao, kibanda kingine, na goti limepona. Mwanyumba keshaanza kutafuta, nimepata habari. Safari hii hanipati. Nimeshajua kosa lilikuwa wapi: ni haya mambo ya saa. Saa zinachanganya watu. Sitaki kusikia tena saa ya mtu.

Nimempigia mtunza wa kibanda kingine, upande wa pili wa mlima. Nikamkataza kabisa asinitajie saa. Aniambie tu kwa maneno yake, kutoka kituoni mpaka kibandani ni umbali gani. Mtu mwema, mchangamfu, hakusita hata kidogo. Alisema ni hapo tu, ukishavuka kale kakilima.

Hapo tu! Nimeshaweka nafasi ya watu watano. Nimewaambia makoti yabaki nyumbani.