Ombi la Mkoa Mpya Nyuma ya Nyumba Yangu

Buzuruga, Mwanza.

Ndugu Katibu wa Kamati ya Maoni ya Mikoa Mipya,

Pole na kazi. Nimesikia redioni kwamba mnakusanya maoni kama nchi, kwa wingi wetu huu, iongezewe mikoa. Naunga mkono, na naomba muanzie nyumbani kwangu.

1. Tangu Pasaka mama mkwe wangu amehamia kwetu kutoka Geita, anakaa chumba cha nyuma. Jina lake silitaji, adabu hairuhusu. Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Choo ni kimoja, kipo katikati ya uwanja. Juzi tulistahiana tangu alfajiri hadi saa mbili, kila mmoja nyuma ya mlango wake akimsubiri mwenzake apite. Nilipofika soko la samaki la Mwaloni, dagaa wote walikuwa wameshanunuliwa.

2. Mnasema mkoa hugawanywa watu wakizidi. Sisi tupo kumi na mmoja kwa choo kimoja. Nionyesheni mkoa uliobanana hivyo.

3. Mpaka upo tayari, ni kamba ya kuanikia nguo. Huku uwe Mkoa wa Mbele, kule Mkoa wa Nyuma. Choo kibaki Mbele. Nyuma wajengewe chao, maana mkoa hauanzi bila makao makuu.

4. Mkuu wa Mkoa wa Nyuma awe mama mwenyewe. Tayari anaamua ugomvi wa majirani, na akisema watoto waoge, wanaoga. Mkoa wa Mbele nitauongoza mimi, ingawa sina rekodi kama hiyo.

5. Hapa nimegundua kasoro. Wakuu wa mikoa huitwa kwenye vikao, na sisi hatuwezi kukaa kikao kimoja. Inabidi uwepo mkoa wa tatu katikati, chini ya mke wangu Selina, wa kupeleka maneno huku na huku. Kazi hiyo anaifanya sasa bila cheo, na amechoka. Mkoa huo nao utahitaji choo.

Mnasema mkoa mpya husogeza huduma karibu na mwananchi. Sawa, lakini yapo mambo ambayo mwananchi huyataka mbali kidogo.

Wasalimie wajumbe wote, dereva wenu, na atakayefungua bahasha hii.

Ni mimi, raia mwenye haraka,
Mihayo Shigela,
Mchuuzi wa dagaa.

Nyongeza: Selina aliisoma barua hii kwa sauti, na kuta zetu ni nyembamba. Asubuhi mama alikuwa ameshapanda basi la Geita, ameacha ujumbe kwamba mkwe wake asichelewe tena kazini. Leo nimekwenda chooni mara nne bila kizuizi na sikuona raha yoyote. Watoto wamenuna, Selina hasemi nami, na mimi naona aibu. Desturi haikusema lolote kuhusu simu, kwa hiyo nimempigia mama nikamwomba radhi. Anasema atakuja Jumamosi akipata wa kumwachia mbuzi wake. Tafadhali futeni maombi yote, isipokuwa choo cha pili. Na kwa kuwa Geita ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza kabla ya kugawanywa, naomba irudishwe kabla ya Jumamosi.