Gari la Spoti la Kubeba Maharusi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamua. Naagiza gari la spoti kutoka Japani. Jekundu, la chini, lenye mngurumo. Studio yangu ya picha hailipi tena. Siku hizi Lushoto nzima ina kamera kwenye simu. Anayekula vizuri ni Jafari, na hiyo Noah yake ya kubebea maharusi. Noah! Asubuhi imejaa kabichi, mchana inafungwa maua. Bibi harusi anashuka ananuka kama soko. Nikileta gari la spoti, Jafari atabaki na kabichi zake.

Esteria, mke wangu, ameuliza hela itatoka wapi. Nimesema ipo ya mabati. Ameuliza nyumba tunayojenga tutaiezeka kwa kitu gani. Nimesema kwa faida. Amechukua jembe, akaenda kwenye shamba letu la karoti. Nadhani amekubali.

Jumanne, 5 Agosti

Nimebonyeza mahali kwenye tovuti ya Wajapani. Ghafla, barua pepe kumi na moja! Wananiita Anord-san. Baba yangu haitwi San. Sijui wamepata wapi habari hizo.

Gari ni moja, bei tatu: likiwa Japani, likifika bandari ya Dar, na likilipiwa ushuru. Ya tatu imeipita ya kwanza mara mbili. Nimeuliza ipi ndiyo ya kweli. Wamejibu: zote.

Karatasi ya mnada, inayoeleza hali ya gari, imeandikwa Kijapani. Simu imenitafsiria: "Mlango wa kushoto una huzuni kidogo." Ni ubovu au ni sifa? Nimelala na swali hilo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mambo! Rubeni, kijana wa Mlola anayefanya kazi Dodoma, anamwoa Yunis wa hapa mjini Jumamosi ya tarehe 16. Baba yake Rubeni alishaongea na Jafari. Nimemwambia aachane na Noah, nina gari la spoti. Akauliza liko wapi. Nikasema linakuja. Amempigia simu Jafari na kumkatalia pale pale, mbele yangu. Raha iliyoje!

Nimewaandikia Wajapani wafanye haraka. Wanasema meli ni wiki sita. Nikawaeleza kwamba harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Wametuma pongezi.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada nimeteremka hadi Mazinde kwa Ramadhani, dalali wa magari. Alikuwa nalo moja, limefunikwa turubai. Jekundu! Anasema limetoka Japani moja kwa moja, juzi tu. Kwenye kioo kuna stika ya bima ya miaka minne iliyopita, ya Morogoro. Nikamwonyesha. Akasema hilo ndilo linalothibitisha kwamba ni gari la watu makini.

Nikauliza limetembea kilomita ngapi. Akaniita bwana kwa Kisambaa: "Mgosi, inategemea." Sikuelewa inategemea nini, lakini alisema kwa uhakika sana.

Nimelinunua. Kwa nini nisubiri gari la Japani litoke Japani, wakati limeshatoka? Njiani kurudi, kona za Soni nimezipanda kwa mngurumo mkubwa. Bodaboda mmoja tu ndiye aliyenipita. Wawili, kusema kweli.

Jumatatu, 11 Agosti

Esteria amelizunguka gari mara mbili, kisha akauliza Shukrani na wadogo zake watakaa wapi. Nikasema siti za nyuma zimekunjwa. Nimetafuta kishikio cha kuzikunjua saa nzima. Wajapani wamekificha kweli kweli.

Ijumaa, 15 Agosti

Hakuna siti za nyuma. Hazikuwahi kuwepo. Nimempigia Ramadhani, akasema gari la spoti ni la watu wawili, dunia nzima inajua. Sasa nahesabu: bibi harusi mmoja, bwana harusi mmoja, dereva mmoja. Nimerudia hesabu. Bado watatu.

Rubeni hajui kuendesha. Nimeuliza.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Ibada ilikwenda vizuri. Nilivaa suti nyeupe na tai ya kipepeo, dereva wa gari kama lile hawezi kuvaa fulana. Yunis akaingia, gauni likajaa gari zima, gia nikawa naitafuta kwa kupapasa chini ya shela. Rubeni akabaki amesimama barabarani. Baba yake akanitazama. Nikapendekeza bodaboda, kwa muda tu. Wageni wote, pamoja na Esteria, wakapanda Noah ya Jafari, aliyekuwa amekuja "kusali tu."

Njia ya Mlola ni ya mawe. Kila jiwe lililisalimia gari kwa chini. Tulifika wa kwanza, tukivuja oili. Vigelegele! Nikafungua mlango, nikampa Yunis mkono ashuke. Bibi yake Rubeni, ambaye macho yake yamefifia, akanishika mikono yote miwili. Nikasema shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Dodoma imekunenepesha!"

Nikamwambia mimi ni wa gari tu. Akasema gari ameliona, nimefanya vizuri kununua. Akina mama, ambao hawajamwona Rubeni kwa miaka, wakanifunga kanga begani na kuniketisha kiti cha mbele, kando ya Yunis. Nikawa nasimama, wananikalisha. Mara ya tatu nikaletewa pilau. Nilikuwa na njaa.

Rubeni akatokea. Boda lilipata pancha, alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Getini hawakumtambua, wakamwambia madereva wanakula nyuma.

Ndipo Noah ikafika. Esteria akashuka. Akanitazama mimi, kanga, pilau, na bibi harusi.

"Hongera, Baba Shukrani," akasema. "Na mimi nikae wapi?"

Yunis ndiye aliyeokoa siku. Alisimama, akashika gauni lake kwa mikono miwili, akaenda hadi getini mwenyewe, akamfuta Rubeni uso kwa shela. "Huyu ndiye wangu," akasema kwa sauti. Watu wakalia. Hata mimi nililia, sijui kama ni kwa sababu ile ile.

Gari lilikataa kuwaka. Jafari amelivuta kwa kamba hadi Lushoto, anapiga honi kila kijiji. Esteria alikaa mbele, kwenye Noah. Mimi nilikuwa nyuma peke yangu, nashika usukani wa gari lililokufa.

Jumatano, 20 Agosti

Fundi amesema injini imekwisha. Baba yake Rubeni amesema hanidai samahani, ila nisipite Mlola mwaka huu. Leo Esteria ameniambia aliona aibu, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba mvua za vuli zinakuja na nyumba haina paa. Nimemshika mkono, nikamwomba radhi kwa moyo wote. Nilimaanisha.

Nimetafakari sana, na kosa nimelipata. Ni rangi! Gari jekundu, bibi kizee lazima ashtuke, amdhanie yeyote kuwa bwana harusi. Jeupe lingeeleweka. Na lisinunuliwe hapa nchini tena, hapa tunadanganyana. Nimewaandikia Wajapani. Wamefurahi sana kunisikia.

Esteria amesema hela ya mabati haiguswi tena maisha. Nimeapa. Shamba la karoti hakulitaja.