Jiwe la Msingi la Shairi la Taa

(Hotuba iliyotolewa Elburgon, katika kiwanja kilicho nyuma ya Shule ya Kutwa ya Msonobari, Alhamisi saa sita na nusu mchana. Mgeni rasmi alikuwa akitarajiwa saa tatu asubuhi.)

Mkurugenzi wangu, ambaye hakuweza kufika lakini moyo wake uko nasi. Naibu wake, ambaye pia hakuweza kufika. Chifu na Naibu wa Chifu. Wazee wa mitaa yote minne. Mchungaji aliyetufungulia kwa maombi na mchungaji mwingine atakayetufungia. Mzee Miraji, sauti ya ndugu zetu Waislamu wa mjini. Madam Truphosa, mwalimu wa Kiingereza wa shule hii. Bwana Joash wa mbao, ambaye mbao zake ndizo mmezikalia. Watahiniwa sitini na watatu wa kidato cha nne. Wananchi watukufu wa Elburgon, na nyinyi pia mlioegemea ua mkisikiliza bila kuingia: hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo.) Upande wa kina mama sijausikia. (Hatujambo.) Asanteni, sasa naona tuko pamoja.

Mimi kwa jina ni Mheshimiwa Daktari Kigen, na hilo la udaktari liko katika mchakato, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uchambuzi wa Mashairi, Kanda ya Bonde la Ufa ya Kati. Naomba radhi kwa kuchelewa kidogo. Nilikuwa na kikao cha mashauriano kule Kikopey, penye nyama choma, tangu saa nne, na walioketi karibu nami wanaweza kunusa kwamba kikao kilikwenda vizuri. (Kicheko kwenye jukwaa.)

Mabibi na mabwana, mwanzoni mwa mwaka huu ofisi yangu iliarifiwa kwamba kuna shairi. Ni shairi la Kiingereza, la enzi za Malkia Viktoria, wakati ambapo Waingereza walikuwa na nafasi ya kuandika mambo marefu, na yule aliyeliandika alilitoa katika hekaya ya Wagiriki wa kale. Kwa mujibu wa muhtasari niliosomewa garini, linahusu mama mmoja wa Kigiriki ambaye mume wake alipanda boti akaenda ng'ambo, akamwambia, washa taa, mimi narudi. Mama akawasha taa. Bwana hakurudi. Jambo hilo linachukua beti kumi na mbili. (Mshangao.)

Sasa, shairi hilo limewekwa kwenye mtihani wa pamoja wa Jumatatu ijayo, na shule hii, wananchi, ilikuwa na kitabu kimoja tu chenye shairi hilo. Kimoja. Ofisi yangu haikuweza kukaa kimya ikiona watoto sitini na watatu wanang'ang'ania kitabu kimoja, na kwa hivyo, katika wiki ya kwanza ya mwezi wa tano, tulichukua hatua, na hatua tuliyochukua ni kukichukua. (Makofi kwenye jukwaa tu.)

Tangu hapo kitabu kimekuwa chini ya uchambuzi wa hali ya juu. Niliunda Kamati Maalum ya watu watano, tukatengeneza framework, tukatengeneza roadmap, na ilipobainika kwamba shairi lina bahari, ilhali hakuna mwanakamati aliyewahi kufanya kazi na bahari, tukafanya benchmarking ya siku tatu pale Ziwa Nakuru ili tujionee maji. Tuliyaona. Takwimu zetu zinaonyesha kwamba asilimia themanini na saba ya mashairi yaliyomo katika kanda hii hayajachambuliwa, na hiyo asilimia kumi na tatu iliyobaki bado tunaitafuta. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa hakuna mratibu mwingine nchini aliyefika hapo, kwa sababu hakuna mratibu mwingine.

(Madam Truphosa anainua mkono.)

Madam, nimekuona, teremsha mkono, maswali yana wakati wake.

Mwezi wa sita tukaingia awamu ya pili, ambayo ni ushirikishaji wa umma. Katiba yetu iko wazi. Mtu hawezi kuamka tu asubuhi, peke yake, nyumbani kwake, akaelewa shairi. Lazima wananchi watoe maoni, na mlitoa, pale ukumbini, mkanywa soda, na nina orodha ya waliohudhuria pamoja na sahihi zao. Mzee Miraji alisema taa ni imani ya yule mama. Bi Wachuka wa viazi aliuliza ni mafuta gani hayo yanayowaka beti kumi na mbili bila kuongezwa, swali ambalo tumelipeleka kwa wataalamu. Mwenyekiti wa bodaboda, kijana wetu Kipkorir, alisema taa ni usalama, akaomba taa kubwa ya stendi, na ombi hilo nalo tumelipokea. Kisha tukapiga kura, na kwa kura mia mbili kumi na mbili dhidi ya arobaini na moja ikapitishwa kwamba taa ni maendeleo, bahari ni changamoto, mume ni ofisi yangu, na yule mama ni mwananchi, ambaye kazi yake ni kungoja. (Makofi marefu kwenye jukwaa.)

Siwezi kuficha kwamba kulikuwa na fujo kidogo. Mtahiniwa mmoja, Jerotich, yule pale wa sweta la kijani, alisimama akasema, na nayanukuu maneno yake kutoka kwenye kumbukumbu za kikao, "Mkubwa, mimi nililisoma kabla mlichukue. Huyo mama hangoji mpaka mwisho. Ubeti wa mwisho anazima taa, anaingia boti mwenyewe, anaenda." Iliniuma, sitasema uongo, kuona mtoto wa shule akienda kinyume na stakeholders mia mbili na zaidi. Lakini mimi ni mtu wa demokrasia. Niliwauliza wananchi kama wanakubali mama aingie boti. Hoja hiyo ilianguka, kura mia moja tisini na nane kwa hamsini na tano. Kwa hivyo mama hakuingia boti, na yeyote atakayeandika Jumatatu kwamba aliingia atakuwa amekiuka maazimio.

(Madam Truphosa anainua mkono tena. Watahiniwa wa safu ya mbele wanainua mikono.)

Madam, wewe tunajuana. Umekuja ofisini kwangu mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye mkutano, mara ya pili nilikuwa nakaribia kuingia kwenye mkutano, mara ya tatu nilikuona dirishani nikaondoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu za kiutawala, na mara ya nne ukanipata kwenye ngazi ukaniomba angalau fotokopi. Nilikueleza, na ninarudia mbele ya umma, kwamba shairi likiwa linachambuliwa halitolewi kopi, kwa sababu kopi hiyo itakuwa haijachambuliwa.

Na sasa, wapendwa, tuje kwenye kilichotuleta. Hapa mlipoketi, kwenye hii nyasi, patasimama Kituo cha Kisasa cha Uchambuzi wa Shairi la Taa, ghorofa tatu, chenye kumbi kumi na mbili, kila ubeti na ukumbi wake, ofisi ya mratibu yenye choo ndani, na juu kabisa taa moja kubwa itakayoonekana mpaka Njoro. Vijana mia nne watapata kazi kama wachambuzi wa daraja la chini. Ujenzi utaanza mara tu upembuzi yakinifu utakapokamilika, na upembuzi yakinifu utakamilika mara tu ujenzi utakapoonyesha dalili. Naomba sasa nizindue jiwe la msingi. (Anavuta pazia. Makofi. Kigelegele kimoja.)

Haya, Madam, mkono wako utakufa ganzi. Dakika moja.

(Madam Truphosa anasimama. "Mheshimiwa, mtihani ni Jumatatu. Hawa watoto hawajaliona hilo shairi tangu mwezi wa tano, na wengi wao hawajawahi kuliona kabisa. Hatuombi kituo. Tunaomba kitabu." Anaketi.)

Asante kwa mchango huo wa kujenga. Kitabu kiko salama, na kitarudi kwa utaratibu. Nyinyi ngojeni. Nikisema Shairi, mnajibu Maendeleo. Shairi! (Jukwaa: Maendeleo.) Nikisema Taa, mnajibu Tunangoja. Taa! (Jukwaa: Tunangoja.) Watahiniwa, mnaniangusha. Taa! (Jukwaa peke yake: Tunangoja.)

Tutalifanyia mazoezi. Niruhusuni nimalizie kwa shukrani, kwa sababu mimi nililelewa kushukuru. Namshukuru Kadija, karani wangu, aliyeitoa hotuba hii kwenye ile ya josho la ng'ombe na kubadilisha maneno kila alipopata nafasi. Namshukuru dereva wangu Ubaid na vijana watatu waliolibeba jiwe hili la msingi kutoka kwenye pickup. Vijana, mkimaliza kupiga picha lirudisheni mlikolitoa, polepole, na msilikwaruze upande wa pili, kwa sababu upande huo ni wa zahanati na tunaizindua Molo saa tisa. Naishukuru kwa namna ya pekee Kamati yangu ya watu watano, ambayo ingelichambua shairi hili vizuri sana, sina shaka hata chembe, isipokuwa siku ile tuliyokichukua kitabu tulipitia Kikopey kwa chakula cha mchana, na tulipoondoka tukakisahau mezani. Na kwa hiyo, mwisho lakini kwa uzito mkubwa, namshukuru Mama Cherop, mwenye bucha ya tatu upande wa kushoto ukitoka Gilgil, ambaye amekitunza kitabu hicho miezi yote hii kwenye rafu, karibu na chumvi, bila kutudai chochote. Leo asubuhi nilikiona kwa macho yangu. Kiko katika hali nzuri kabisa. Aliniuliza kama nakibeba, nikamwambia, Mama, leo ni siku ya uzinduzi, tusichanganye mambo.

(Madam Truphosa anasimama. Jerotich anasimama.)

Madam, sijamaliza. Bado kuna mchungaji wa kufunga. Jerotich, keti. Bwana Joash, naona unaelekea kwenye lori, kuna nini? Naambiwa lori linapeleka mbao Gilgil, kupitia Kikopey. Leo? Lakini wananchi wamezikalia hizo mbao. (Watahiniwa wanasimama wote, wanazibeba mbao wawili wawili na kuzipakia. Safu ya kina mama inafuata.) Chifu, hebu waambie kwamba utaratibu wa kuchukua kitabu ni kuandika barua, barua inagongwa muhuri, inapelekwa kwa kamati, kamati inakaa. (Chifu anainuka ili ubao wake uchukuliwe.)

Madam, ukishapanda huko mbele hutanisikia, kwa hivyo nakuuliza sasa, kwa faida ya kumbukumbu tu: huyo mama alipoingia boti, alimpata yule bwana?

(Mlango wa lori unafungwa. Jerotich, dirishani: "Tukikipata tutakusomea, mkubwa." Lori linaondoka.)

Basi. Wale tuliobaki, yaani mimi, Kadija, mchungaji wa kufunga, na jiwe, tusogee karibu. Kadija, weka kwenye kumbukumbu kwamba wameondoka, na kwamba hoja ya kuondoka haikupigiwa kura.

Asanteni kwa kunisikiliza.